Mtungi wa Chini ya Kizingiti

Kijiwe chetu kipo pale njia ya mashambani inapokutana na mfereji, mbele ya kibanda cha kahawa cha Bishara, hapa Qift. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu ulioletwa kutoka kwenye uchimbaji fulani wakati wa baba zetu, na hakuna mgeni aliyewahi kurudi kuudai. Tunakaa hapo kila siku baada ya alasiri, vilemba vimelegea, viatu tumevua, tunakunywa na kubishana. Mji wetu kazi yake ni moja tangu enzi za mababu: kufukua ya kale. Wazungu wakija, Wajapani wakija, hata maprofesa wetu wa Kairo wakija, kabla hawajapiga jembe la kwanza hutuma mtu hapa kuulizia mafundi. Kwa hiyo kijiweni kwetu watu hawagombani juu ya mpira. Wanagombana juu ya wafu, na kadiri mfu alivyo wa zamani ndivyo ubishi unavyonoga. Ila Jumanne ile mfu alikuwa wetu, tuliyemzika miaka miwili tu nyuma, na tangu kikombe cha kwanza nilikuwa natafuta sababu ya kwenda nyumbani.

— Leo hakuna stori za kubahatisha, alisema Haji Fahmi akipapasa mfuko wa kanzu. Leo nina karatasi.

Haji Fahmi tunamwita Karatasi. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na tano, na kwake jambo lisiloandikwa halikutokea. Watu husema mkewe alipojifungua kifungua mimba, alingoja cheti cha kuzaliwa ndipo akafurahi.

— Karatasi ana karatasi, alisema Hilal. Na mie nina kiatu. Tupige vigelegele?

Hilal ndiye Tabaka. Amechimba miaka arobaini. Kwake yeye ukweli hutoka ardhini, tabaka juu ya tabaka, la juu la jana, la chini la juzi. Mdomo wa binadamu haumo kwenye tabaka lolote, basi hauamini.

— Itoe bwana tuione, alisema Bishara kutoka jikoni kwake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Hiyo inahusiana nini na karatasi, we Bishara?

— Inahusiana na kila kitu. Si wageni walikuja hapa? Wakakaa siku mbili, ya tatu wakatupa majembe sisi. Tangu hapo tunachimba tu kama fuko.

Bishara hana jina la utani, maana kila tulilompa lilimpwaya. Yeye anaamini kila kitu, na akiishiwa cha kuamini anatunga.

Mimi ni Abdel-Mawla, na hapa naitwa Macho. Nilipewa jina hilo ujanani, kwa vile nilikuwa nakiona kigae cha chungu katikati ya kokoto kabla ya mwenzangu hajainama.

— Yule mama aliyeshuka na treni ya asubuhi mlimwona? aliuliza Karatasi. Mwenye mkoba wa ngozi? Ni Daktari Ibtihal, wa Kairo. Kazi yake kusoma barua za wafanyabiashara wa kale. Kaenda moja kwa moja kwa Nabawia, binti wa marehemu Rayis Shazli. Nabawia hajui kusoma, akaniita mimi. Hii ni nakala. Barua yenyewe imelala Kairo kwenye hifadhi ya nyaraka, miaka mia saba na ushei, na kumbe ilikuwa inamsubiri Shazli.

Jina hilo lilipotajwa, kila mmoja alitazama ndani ya kikombe chake. Hata Bishara, ambaye hakuwa na kikombe, alitazama ndani ya birika.

Kwetu rayis ndiye mkuu wa wachimbaji, na Shazli alikuwa rayis ambaye hata maprofesa walimwamkia kwanza. Miaka thelathini na moja iliyopita, kwenye bandari iliyokufa ya Marsa Umm Hamal, kule pwani ya Bahari ya Shamu, alitoa kwenye ghala lililobomoka mtungi wa pilipili manga ukiwa na muhuri wake. Akasema ameukuta chini ya jiwe la kizingiti. Khawaga, yaani mgeni aliyeongoza msafara, akasema haiwezekani. Kizingiti kiliwekwa na Warumi, mtungi ni wa zama za masultani, na kati yao kuna miaka zaidi ya elfu. Mdogo hawezi kulala chini ya mkubwa. Akasema Shazli ameuokota kwingine akauchomeka pale, apate zawadi wanayopewa wenye bahati. Jina lake likafutwa.

Kufutwa huku kwetu si sawa na kuachishwa kazi. Msimu wa kuchimba ukifika, mjumbe wa msafara hupita nyumba kwa nyumba akiita watu, na nyumba iliyofutwa huipita kama kaburi. Watoto wa Shazli wa kiume walikuwa wawili, na hawakuitwa tena na msafara wowote. Mkubwa alikwenda Kairo kusukuma mkokoteni. Mdogo alikwenda Libya kubeba zege, na mpaka leo hajarudi, si barua wala maiti. Shazli mwenyewe akawa anakata majani ya ng'ombe na kuyauza kwa punda. Miaka ishirini na tisa alipita mbele ya benchi hili akatusalimu, kila mtu kwa jina lake.

Na sasa niseme jambo ambalo kijiweni hawakulijua. Mtungi ule ulikuwa chini ya kizingiti. Niliuona kwa macho haya yaliyonipa jina. Jiwe tulilinyanyua watu wawili, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Nikiulizwa nilikuwa wapi siku ile, nilikuwa najibu kwamba nilikwenda kuchota maji, na nimejibu hivyo miaka thelathini na moja.

Karatasi akavaa miwani.

— Sikilizeni. «Kwa ndugu yangu Abu Mansur, Mungu amrefushie umri. Ukisikia chombo chetu kimezama kabla ya Aden, usihuzunike kupita kiasi. Ule mtungi wa pilipili manga wenye muhuri wa chokaa nimeuzika chini ya kizingiti cha ghala, mkono wa kulia wa anayeingia. Jiwe nililing'oa mimi na mpagazi mmoja, tukalirudisha kama lilivyokuwa, wala mwingine hajui. Juu ya pilipili nimeweka kitana cha binti yangu, ili atakayefungua ajue ni mali ya nani. Mfikishie.»

Upande wa pili wa mfereji punda alilia, akanyamaza.

— Kitana, alisema Hilal taratibu. Ule mtungi ulipofunguliwa kulikuwa na kitana.

— Cha mti, alisema Karatasi. Kidogo, cha mtoto. Daktari kauona mtungi kwenye ghala la makumbusho, na kitana kimo ndani ya mfuko wa nailoni. Kibandiko kimeandikwa: mahali hapajulikani.

— Basi si yamekwisha? Bishara akaja na vikombe. Barua inasema chini ya kizingiti, Shazli alisema chini ya kizingiti. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Yamekwisha, alisema Karatasi. Maandishi yamesema. Udongo ni bubu, ndugu zangu, karatasi ndiyo yenye ulimi.

— Yamekwisha wapi! Hilal aliruka. Karatasi ikisema kuna mtungi chini ya kizingiti, mie nakubali, kulikuwa na mtungi. Nani kasema ndio huu? Bandari nzima ile ina mitungi kama nywele. Binti mwenye kitana alikuwa mmoja? Mtungi bila mahali pake ni yatima, hauna wa kuutambua. Na lile jiwe ni la Warumi, nimelikanyaga kwa nyayo hizi.

— Si kasema alilirudisha! Ghala la zamani, mtu kaja kulikalia, kang'oa jiwe, kachimba kishimo, kazika, karudisha jiwe. Hata mimi karani naona.

— Na Shazli alisema hivyohivyo, sauti ya Hilal ikashuka. Alimwambia Khawaga kuna kishimo, udongo wake ulikuwa laini na mweusi kidogo kuliko wa pembeni. Lakini alipokuja Khawaga kutazama, mtungi ulishatolewa, kishimo kimeshavurugika. Hapo ndipo alipojikwaa.

— Fundi mzima anatoa kitu kabla ya kupimwa? aliuliza Karatasi.

— Ilikuwa saa sita mchana, Fahmi. Wewe kazi yako ilikuwa na feni. Udongo uliolala kwenye unyevu wa chumvi miaka mia saba, ukiuacha juani robo saa unapasuka kama mkate mkavu. Baba zetu walitufundisha: kivuli kwanza, daftari baadaye. Mtu wa daftari alikuwa amekwenda kula. Shazli akautia kivulini akaufunika kwa kilemba chake.

— Na Khawaga baba yake alimfundisha vingine, alisema Bishara.

— Alimfundisha daftari kwanza. Kila mtu na baba yake.

Nilikunywa kahawa ikaniunguza ulimi. Kile kilemba nilikilowesha mimi, kwa maji ya kunywa tuliyokuwa nayo kwenye kibuyu. Hayo ndiyo maji pekee niliyoyashika siku ile.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Bishara alitikisa kichwa.

— Alisikia la mkuu, we mpumbavu! Ndilo lililomponza.

— Basi asikiaye la mkuu huvunjika guu. Methali zetu zinahitaji kutengenezwa.

Tukacheka kidogo, kicheko cha watu walioko msibani. Karatasi akakunja nakala yake.

— Sikieni alichosema Daktari. Anataka kuandika kitabu, na humo aandike kwamba mtungi huu ndio wa barua hii, na aliyeutoa ni Rayis Shazli wa Qift, na alisema kweli. Lakini hawezi kuandika kwa kukisia, wenzake watamrarua. Khawaga keshakufa. Daftari linasema «inadaiwa». Anataka mtu mmoja tu aliyeuona mtungi chini ya jiwe. Akimpata, lile neno «mahali hapajulikani» linafutwa, na jina la Shazli linarudi. Asipompata, kesho adhuhuri anapanda treni na jambo linabaki hivyohivyo.

— Shahidi mmoja? alisema Hilal. Sasa umpate wapi? Nusu yao wamekufa.

— Mahakamani wanataka wawili.

— Mahakamani kwenu mnataka hata mashahidi wa kwamba jua limechomoza.

Hapo ningesema. Nafasi ilikuwa kubwa kama mlango wa msikiti. Badala yake nikasema:

— Bishara, kahawa yako leo imepoa.

Akaenda kuongeza moto. Bishara akipuliza moto huwa anapata fikra.

— Mimi naona hakuna haja ya shahidi, alisema kutoka kwenye moshi. Mtungi uliingia wenyewe.

— Uliingiaje?

— Kwa uzito. Pilipili si nyepesi. Uliachwa juu sakafuni, ukazama polepole, kila mwaka kidole kimoja.

— Miaka mia saba, vidole mia saba, alisema Hilal. Ungetokea Uchina.

— Ndiyo maana uliwekewa jiwe, usiende! Ukiona vyaelea vimeundwa. Na ukiona vyazama, vimeundwa na Mzungu.

— We! Mzungu yupi zama hizo?

— Haya, basi panya. Panya wa jangwani alichimba chini ya kizingiti.

— Akauburuta mtungi wa ratili thelathini?

— Panya wengi. Umoja ni nguvu.

Hilal alimtupia punje ya kunde. Karatasi, ambaye huchukia upuuzi mpaka upuuzi ukianza kunoga, akasogea mbele.

— Jambo linalonisumbua mimi ni jingine. Barua ilifika. Kwa nini yule ndugu hakwenda kuuchukua?

— Mficha uchi hazai, Bishara alijibu haraka. Na mficha mtungi hali pilipili.

— Hilo si jibu.

— Labda ndugu alikwenda akakuta ghala lina mtu mwingine, alisema Hilal. Akaona haya kubisha hodi aseme, samahani, nataka kung'oa kizingiti chako.

— Au alikuwa mwizi, alisema Karatasi. Alitaka binti asipate.

— Mwizi angeuchukua!

— Au alikuwa anaogopa, nikasema mimi. Ilinitoka tu.

Wakanigeukia.

— Anaogopa nini? aliuliza Hilal.

— Sijui. Mtu huweza kujua kitu kilipo akaogopa kwenda kukionyesha.

— Pilipili inaogopwa? Bishara alicheka. Macho leo umelala vibaya.

Nilimwona yule ndugu wa kale, Abu Mansur, anaikunja barua, anaiweka chini ya godoro, anasema kesho. Yule binti alikua bila kitana chake. Nilimchukia mtu huyo ambaye simjui, nikajua ninayemchukia ni nani.

— Shazli alisemwa sana, alisema Hilal ghafla. Akipita na punda wake, vijana walikuwa wanamwambia: njia ya mwongo ni fupi, Rayis. Na sisi wakubwa tulinyamaza.

— Alitembea njia ile miaka ishirini na tisa, alisema Karatasi. Fupi iko wapi?

— Lakini na yeye mwenyewe alijimaliza. Khawaga alitupanga mstari jua kali, akamwuliza mbele ya watu: nani alikuwa nawe ulipolinyanyua jiwe? Angetaja hata mtu mmoja! Akatutazama wote, akasema: nilikuwa peke yangu. Sasa jiwe lile, wallahi, mtu mmoja halinyanyui. Khawaga akacheka. Hapo ndipo hata mie nilipomtilia shaka.

Nilikuwepo kwenye mstari ule. Khawaga aliposema, kama kuna aliyeona na ajitokeze, mimi nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeitwa msafarani kwa mara ya pili tu, na niliona nikisema tutafutwa wote wawili. Kisha nikasikia «peke yangu», na Mungu anisamehe, nilishukuru. Miaka michache baadaye mahali pake nilipewa mimi. Nikawa rayis, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, wanangu wote wawili wakaitwa. Sikuwahi kulala usiku mmoja nikajiambia kwamba nimefanya sawa.

— Nimepata, Bishara alisema. Safari hii nimepata kweli. Yule mfanyabiashara hakuzama.

— Barua inasema anakwenda Aden.

— Alikwenda, akazama, akaibuka. Watu wa bahari hawafi upesi. Akarudi kuutafuta mtungi wake, akakuta ghala limefunikwa na mchanga. Akakaa palepale akisubiri. Miaka mia, miaka mia tatu. Akachoka, akaja Qift, akaoa, akajifunza kuchimba. Kwa nini Shazli alijua kuchimba palepale? Kwa nini alijua mkono wa kulia? Kwa sababu ni yeye! Aliuzika mwenyewe!

Hilal alifungua mdomo kucheka. Hakucheka.

— Ndiyo maana alisema yuko peke yake, Bishara aliendelea, na sasa hata yeye sauti ilikuwa imebadilika. Jamani. Mtu anautoa mtungi wa binti yake mwenyewe, na wanamwambia kauiba.

Katika porojo zote za Bishara, hiyo ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeitukana.

Wanawake wa kwetu hawaji kijiweni. Hupita ng'ambo ya mfereji, shali limefunika nusu ya uso, na sisi hujifanya hatuwaoni. Kwa hiyo tulipomwona Nabawia anavuka kidaraja anakuja moja kwa moja kwetu, sote tulitafuta viatu kwa miguu. Ni mama wa miaka arobaini sasa, mrefu kama baba yake, na anatembea kama yeye, bega moja mbele.

— Salaam alaykum, ami zangu.

— Wa alaykum salaam, binti yangu. Bishara alileta kreti la soda, akalipangusa kwa mkono wake. Karibu, karibu, nyumba ni yako.

— Sikai, ami Bishara, Mungu akuweke. Nina neno moja tu. Daktari amelala kwangu. Kesho adhuhuri anaondoka. Anasema barua anayo, mtungi anao, anakosa mtu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nyie mlikuwa wanaume wazima. Siku ile, baba alikuwa na nani?

— Binti yangu, alisema Karatasi, mimi nilikuwa mahakamani hapa hapa Qift. Wallahi ningekuwepo ningeandika.

— Mie nilikuwa shimo la gatini, alisema Hilal. Nyuma ya kilima. Nilisikia kelele tu.

— Mimi nilikuwa jeshini, alisema Bishara.

Wakanigeukia mimi. Si kwa kunishuku. Ilikuwa zamu yangu tu. Maji yangu yalikuwa tayari mdomoni, yaleyale ya kila mwaka. Nabawia akaanza kuitikia kwa kichwa hata kabla sijasema, kana kwamba keshanisamehe kwa kutokuwepo. Kule kuitikia ndiko kulikonishinda.

— Mimi, nikasema.

— Wewe nini, ami?

— Mimi nilikuwa naye. Mtungi ulikuwa chini ya kizingiti, mkono wa kulia. Shingo yake ilikuwa imegusa jiwe kwa chini. Udongo wa kishimo ulikuwa mweusi. Jiwe tulilinyanyua wawili.

— Macho, alisema Hilal. Si ulikwenda kuchota maji?

— Sikwenda.

— Kila mwaka umetuambia maji.

— Hapakuwa na maji, Hilal.

Hilal alisimama, akakaa tena, mwisho kabisa wa ubao, mbali nami. Karatasi alikuwa ametoa kalamu, akairudisha mfukoni. Bishara, Mkristo pekee kati yetu, alisema jina la Bikira Maria kwa sauti ndogo.

Nilingoja Nabawia apige kelele. Wanawake wa kwetu wakipiga ukelele, mji mzima hutoka. Ningeukubali. Ningekubali hata kiatu usoni, mbele ya watu, na nilikistahili. Yeye alivuta shali lake kidogo tu.

— Lilikuwa zito? aliuliza.

— Jiwe? Zito sana. Alinipa upande mwepesi.

Aliitikia, kama mtu aliyesikia habari za nyumbani.

— Utamwambia Daktari?

— Kesho alfajiri nitakuwa mlangoni kwako. Nitaapa kwa msahafu. Na aandike kwamba nilinyamaza, jina langu alitie.

— Atalitia, alisema. Akageuka kama anayekwenda. Hatua mbili, tatu. Kisha akarudi.

— Ami Abdel-Mawla.

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu aniite hivyo kwenye benchi lile.

— Naam, binti yangu.

— Mama alimlilia baba amtaje hata mtu mmoja, akasema alikuwa peke yake. Kaka yangu siku anakwenda Libya alisimama mlangoni na begi lake, akamwambia, baba, niambie nani alikuona nikamwombe tu, nisiende. Baba akasema, mwanangu, nilikuwa peke yangu. Na siku anakufa mimi ndiye niliyemshika mkono, nikamwuliza tena. Peke yangu, akasema. Baba yangu hakuwa mwongo, ami. Leo karatasi imesema na wewe umesema. Basi kwa nini hilo moja alidanganya?

Karatasi alitazama nakala yake, nayo haikuwa na neno juu ya hilo. Bishara, ambaye ana jibu la kila kitu tangu safina ya Nuhu, alishika birika akaliweka chini bila kummiminia mtu.

Mimi jibu nilikuwa nalo. Harusi yangu ilikuwa Alhamisi ya wiki ile. Wakwe walikuwa wamekataa mara mbili, wakisema kijana hana kazi ya kueleweka, na Rayis Shazli ndiye aliyevaa kanzu yake nyeupe akaenda kuniposea, akawaambia kijana huyu yuko mkononi mwangu, mimi ndiye ninayemjibia. Jumapili, siku nne kabla ya harusi, ndipo tulipolinyanyua jiwe.

Nilifungua mdomo mara mbili. Nabawia akaendelea kusubiri.